Mashine ya tatu inatoa mashuka ya kijivu, na mengine yanageuka manjano kwenye pasi: tatizo ni dozi au ni dawa?

MashukaMeupe:
Wakuu, habari za humu. Naomba msaada kwa wanaojua mifumo ya dozi za sabuni ya maji.

Ni laundri ya hoteli upande wa mashariki wa Unguja. Kuna mashine tatu za kufulia, kila moja kilo 25. Dozi inatoka kwenye seti moja ya pampu tano za kukamua mpira: alkali, sabuni, klorini, nyutralaiza (asidi ya kumaliza alkali iliyobaki) na kilainishi. Pampu zote zinamwaga kwenye manifoldi moja (bomba la pamoja linalokusanya njia zote za dawa), kisha maji yanaisukuma dawa hadi kwenye mashine iliyoomba. Kila mashine ina bomba lake kuanzia kwenye manifoldi, kipenyo cha ndani mm 10. Namba 1 iko mita 4, namba 2 mita 8, namba 3 mita 14. Maji ya kusukumia yanatoka kwenye tangi la juu, kama mita 6 kutoka usawa wa manifoldi.

Dozi kwa mzigo wa kilo 25 wa mashuka meupe: mashine inaomba mara ya kwanza mwanzo wa kufua (alkali ml 200 na sabuni ml 100 kwa pamoja), mara ya pili dakika 4 baadaye (klorini ml 100), mara ya tatu kwenye suuza ya mwisho (nyutralaiza ml 40 na kilainishi ml 75). Pampu zimewekwa ml 400 kwa dakika. Maji yanafunguka sekunde 10 baada ya kila dozi, sawa kwa mashine zote.

Namba 1 inafua vizuri kabisa. Namba 2 inatakatisha kiasi cha kuridhisha, ila taulo zinanuka klorini. Namba 3 ndiyo kero: mashuka yanatoka kijivu, foronya zinabaki na mafuta ya nywele, na zikipita kwenye rola ya pasi zinapata manjano. Madumu yanapungua kama kawaida, kwa hiyo pampu zinafanya kazi. Mwuza dawa alisema tupandishe alkali hadi ml 260. Hakuna kilichobadilika. Pia mchana bomba la kunyonya klorini linajaa mapovu.

FundiDozi:
Mkuu, umeeleza vizuri, na hesabu yako umeshaileta mwenyewe bila kuijua. Dawa yako inafika. Inafika imechelewa.

Bomba la mm 10 linabeba ml 78.5 kwa kila mita. Kwa hiyo bomba la namba 1 lina ml 314, la namba 2 ml 628, la namba 3 karibu ml 1,100. Tangi la mita 6 linakupa baa 0.6 tu, na ukiondoa valvu na kona za manifoldi tuseme unapata ml 50 kwa sekunde. Sekunde 10 ni ml 500. Ml 500 haziwezi kusafisha bomba la ml 1,100.

Fuatilia mzigo mmoja wa namba 3. Mara ya kwanza pampu zinaingiza ml 300 za alkali na sabuni, maji yanaongeza ml 500. Kilichosukumwa ni ml 800, na bomba linameza 1,100. Yaani hakuna tone la alkali lililoingia kwenye mashine. Kilichotoka ni masalio ya mzigo uliopita. Mara ya pili inakuja klorini ml 100 na maji 500. Hapo ndipo ile alkali na sabuni zinaingia, na klorini inabaki njiani. Mara ya tatu, nyutralaiza na kilainishi vinasukuma klorini ndani ya suuza ya mwisho. Nyutralaiza yenyewe inalala kwenye bomba na kuingia mwanzo wa mzigo unaofuata, wakati ambao unataka alkali.

Sasa linganisha na unachokiona. Alkali imeingia dakika 4 au zaidi baada ya wakati wake: kijivu na mafuta. Klorini imeingia kwenye suuza na hakuna suuza nyingine ya kuiondoa: manjano kwenye pasi. Kwa namba 2 zaidi ya nusu ya alkali inafika mara ya kwanza, ndiyo maana inatakatisha kiasi, lakini klorini yake nayo inaingia kwenye suuza: harufu kwenye taulo. Namba 1 bomba lake ni fupi, kila kitu kinafika kwa wakati. Na kupandisha alkali hadi 260 kusingesaidia, kwa sababu 360 na 500 ni 860, bado hujafika 1,100. Irudishe 200.

Kabla ya yote, zima klorini kwa namba 2 na namba 3 leo hii. Mashuka yenye madoa yapeleke namba 1. Sababu ni kwamba ndani ya bomba lako klorini na nyutralaiza zinafuatana zikitenganishwa na nusu lita ya maji tu. Siku maji yakikatika au valvu ikiganda, hata hiyo nusu lita haitakuwepo. Asidi ikigusa haipokloraiti (ndiyo hiyo klorini ya maji) unapata gesi ya klorini kwenye chumba ambacho watu wanafanya kazi. Mfumo wowote wenye manifoldi ya pamoja lazima uwe na swichi ya mtiririko: maji yasipopita, pampu zote zinagoma. Angalia kama unayo na kama haijaungwa waya wa kuiruka. Mara nyingi unakuta imerukwa kwa sababu "ilikuwa inasumbua".

Usiniamini mimi, pima. Chukua ndoo ya maji yenye rangi ya chakula, suuza fimbo ya kunyonyea ya alkali, itumbukize humo. Chomoa bomba kwenye mgongo wa namba 3 uliweke kwenye jagi jeupe lenye alama. Vaa miwani na glavu, maana bado kuna dawa njiani. Endesha dozi ya kwanza kwa mkono. Ikitoka maji meupe bila rangi, umepata jibu. Halafu pima flashi (yale maji ya kusukumia) peke yake kwa sekunde 10 kwenye kila mashine na uandike hapa.

Kanuni ya muda wa flashi: ujazo wa bomba mara mbili, gawa kwa mtiririko uliopima mwishoni mwa bomba. Namba 3 ni ml 2,200 kwa ml 50, sekunde 44. Mara mbili kwa sababu dawa haisafiri kama kizibo; inajichanganya na maji na mkia wake unabaki kwenye kuta za bomba, hasa kilainishi.

Waya_wa_Pamoja:
Naunga mkono hesabu ya juu, ila sekunde 44 zitamletea tatizo jingine asubuhi mashine zote zikianza pamoja.

Seti moja ya pampu huhudumia mashine moja kwa wakati. Nyingine zinapanga foleni. Alkali ml 200 kwa ml 400 kwa dakika ni sekunde 30, ongeza flashi 44, ni sekunde 74. Mashine tatu zikiomba kwa mpigo, ya tatu inapata alkali yake ikiwa imetimia dakika 3 na sekunde 42. Klorini imepangwa dakika ya 4. Alkali haijafanya kazi, klorini inaingia. Umerudi palepale kwa njia nyingine.

Dawa yake ni mbili na zote zifanyike. Ya kwanza ni waya wa kusubiri. Kifaa cha dozi kina mguso mmoja wa rilei unaosema "bado". Mashine nyingi za kufulia za kibiashara zina mlango wa kuupokea: ukifungwa, saa ya programu inasimama mpaka dozi imalizike. Kwenye laundri nyingi waya huo haujaungwa kabisa, kwa sababu mfumo unaonekana kufanya kazi bila huo. Unafanya kazi, mpaka siku ya foleni. Ya pili ni kuongeza mtiririko wa flashi, wenzangu wataeleza.

Mambo mengine ya kukagua ukiwa umefungua boksi:

Kifaa kimewekwa hali gani? Kuna hali ambayo pampu inakimbia kwa muda uleule ambao ishara ya mashine ipo. Na kuna hali ambayo ishara ni ya kuanzisha tu, muda unatoka kwenye kifaa cha dozi. Ukiwa kwenye ile ya kwanza, mtu akibadilisha sekunde za ishara kwenye programu ya mashine amebadilisha dozi bila kugusa pampu. Chagua ya pili na uweke muda wa kufungia, kwamba ishara ileile ikirudi ndani ya dakika chache isihesabiwe. Inazuia dozi mbili pale opareta anaporudisha programu nyuma.

Volti ya ishara isomwe kwenye lebo, si kwa kubahatisha. Mashine moja inatoa 24, jirani yake inatoa 220, na zote zina plagi zinazofanana. Waya wa pamoja wa ishara usichanganywe na nyutro ya pampu. Na nyaya za ishara zisilale pamoja na nyaya za mota. Mashine za siku hizi mota yake inaendeshwa na inveta, na inveta inatupa umeme wa kupotea kwenye nyaya za jirani. Matokeo yake pampu inajiwasha yenyewe wakati wa kukamua, mashine haina maji, sabuni inamwagika moja kwa moja kwenye nguo. Ukiona doa la bluu au mstari wa utelezi kwenye shuka moja tu, tafuta hapo. Tumia waya wenye ngao, ngao iungwe upande mmoja tu.

Umeme ukikatika katikati ya dozi, vifaa vingi vikiwaka tena havikumbuki vilipoishia. Mashine inaendelea, dozi imebaki nusu, na bomba lina dawa ambayo haijasukumwa. Weka betri ya akiba ndogo kwa kifaa cha dozi na valvu ya flashi. Haili umeme mwingi. Stebilaiza peke yake haitoshi.

Kipimio:
Mimi nina neno juu ya pampu zenyewe. Pampu ya kukamua haipimi mililita, inapima sekunde. Kilichoandikwa "ml 400 kwa dakika" ni kumbukumbu ya siku ilipopimwa. Mpira ukichoka, hiyo 400 inakuwa 320 na skrini bado inaandika 400.

Namna ya kupima isiyodanganya: usipime kinachotoka, pima kinachonyonywa. Jaza silinda ya kupimia ya ml 500, tumbukiza bomba la kunyonya humo badala ya dumu, endesha mpaka hewa yote iishe, kisha soma alama, endesha sekunde 30, soma tena. Fanya mara tatu, ya kwanza itupe. Hivi unapima pampu ikiwa inasukuma dhidi ya mgandamizo wa kweli wa manifoldi. Ukichomoa bomba upande wa kutokea, pampu inapata unafuu na namba inakuwa nzuri kuliko hali halisi. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya asilimia 5, hewa inaingia mahali: kwanza angalia nati ya fimbo ya kunyonyea, halafu valvu ya chini ya fimbo, ndipo uangalie mpira.

Mpira mpya hushuka kidogo katika siku zake za kwanza halafu hutulia. Kwa hiyo pima siku ya kubadilisha, pima tena baada ya wiki, halafu kila mwezi. Aina ya mpira nayo si moja kwa dawa zote. Alkali kali na klorini vinataka Santoprene. Silikoni ni laini na hukamulika vizuri, inafaa kilainishi, lakini alkali kali na klorini huila. EPDM nayo huvimba ikikutana na dawa zenye mafuta au viyeyusho, zile za kuondoa grisi kwenye vitambaa vya jikoni. Mpira uliovimba unatoa mwingi leo, kesho unapasuka.

Mpira uliochoka una hatari nyingine: pampu ikisimama, rola hazifungi sawasawa, na kama dumu liko juu ya pampu dawa inateremka yenyewe usiku kucha. Madumu yakae chini sakafuni, pampu ukutani juu yake. Wengine wanapandisha madumu kwenye rafu ili "pampu isihangaike". Pampu ya kukamua haihangaiki kunyonya mita moja na nusu.

Mapovu ya klorini. Haipokloraiti ya asilimia 12 inaoza yenyewe, na kila nyuzijoto 10 zikiongezeka kasi ya kuoza inapanda karibu mara tatu na nusu. Dumu lililokaa juani pwani haliwezi kubaki 12. Inapooza inatoa gesi, ndiyo mapovu unayoyaona. Pampu inakamua gesi badala ya dawa. Hesabu uone uzito wake: mashine ya kilo 25 kwa lita 5 za maji kwa kilo ni lita 125. Ukitaka miligramu 100 za klorini kwa lita unahitaji gramu 12.5. Asilimia 12 ni takriban gramu 120 kwa lita, hivyo ml 104. Ml 100 zako ziko sawa kabisa, kwa dawa mbichi. Ikishuka hadi asilimia 7, ml 100 zilezile zinakupa miligramu 56, na kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni kati ya 50 na 150. Ukiongeza mapovu, uko chini ya 50.

Kwa hiyo: kivuli, chumba chenye hewa, nunua cha kutumia wiki mbili. Kifuniko cha klorini lazima kiwe chenye tundu la kupumulia. Na hayo matundu yasiwe ya klorini tu. Dumu lolote lililofungwa kabisa linajikunja kwa ndani pampu inapovuta, na dozi inapungua taratibu mpaka mtu afungue kifuniko. Ukisikia "fyuu" unapofungua dumu la sabuni, umepata mwizi mwingine.

Bi Foronya:
Ndugu zangu mmeshughulikia bomba na waya, naongeza upande wa maji na dawa, kwa sababu hata dozi ikifika kwa wakati bado anaweza kupata kijivu.

Visima vya pwani ya Unguja vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, yaani chokaa. Maji yake ni magumu, na karibu na bahari yana chumvi pia. Maji magumu yakikutana na alkali yanatengeneza chokaa kwenye nyuzi za pamba, na chokaa hicho kinashika uchafu. Hapo sabuni inatumika kupigana na maji badala ya kupigana na jasho. Kifaa cha kulainisha maji kinaondoa chokaa, hakiondoi chumvi ya bahari, msivichanganye. Pima ugumu baada ya kifaa, kila asubuhi, kwa matone ya kupimia. Tangi la chumvi la kifaa hicho likionekana limejaa usiridhike: chumvi hujenga ganda juu na chini pakawa patupu. Ichome kwa fimbo.

Jambo ambalo wengi hulisahau: maji ya flashi nayo yawe yaliyolainishwa. Alkali yako inakutana na maji ya flashi ndani ya manifoldi ikiwa kali kuliko mahali pengine popote. Maji yakiwa magumu, chokaa kinajengeka palepale kwenye valvu za njia moja. Valvu ikishindwa kujifunga, klorini inarudi nyuma kwenye njia ya jirani yake. Fungua manifoldi ukague. Unga mweupe ni chokaa. Utelezi mzito kama uji wa mtama ni kitu kingine: ni kilainishi kilichokutana na sabuni. Kilainishi kina chaji chanya, sabuni nyingi zina chaji hasi, vinashikana na kuwa gundi.

Vipimo vitatu vya bei ndogo vikae kando ya mashine. Kwanza, matone ya fenoftalini kwenye maji yanayokamuliwa kutoka shuka la mwisho: yakigeuka waridi, pH iko juu ya 8, alkali imebaki na pasi itaipika iwe manjano. Pili, matone ya pH: shuka linaloingia kwenye rola liwe kati ya 5.5 na 6.5, lakini pima na maji yako ya bomba kwanza, maana maji yenye bikaboneti nyingi yanakula nyutralaiza na ml 40 zinaweza zisitoshe. Tatu, karatasi ya iodidi na wanga: ikigeuka bluu, klorini ingalipo. Yote mawili huleta manjano, ila dawa zake ni tofauti. Alkali huondolewa kwa suuza na asidi. Klorini huondolewa kwa thayosulfeti au bisulfaiti, si kwa kuongeza asidi. Kuongeza asidi juu ya klorini ni kuitoa gesi ndani ya ngoma.

Na kilo 25 ni kilo 25 za nguo kavu zilizopimwa kwa mizani. Pampu haijui kama mashine ina kilo 15. Mkiwa na mizigo ya nusu, tengenezeni programu yake yenye dozi yake, iitwe jina linaloeleweka, siyo "programu 7".

MashukaMeupe:
Asanteni sana wakuu, na shikamoo Bi Foronya. Nimefanya vipimo.

Flashi sekunde 10: namba 1 ml 560, namba 2 ml 520, namba 3 ml 470. Maji yenye rangi kwenye namba 3 hayakutoka kabisa dozi ya kwanza; yalitoka dozi ya pili. Fenoftalini haikugeuka, lakini karatasi ya iodidi iligeuka bluu kwa mashuka ya namba 2 na 3. Swichi ya mtiririko ipo na ilikuwa imerukwa kwa kipande cha waya. Nimekitoa. Klorini nimeizima kwa hizo mbili.

Maswali: nibadilishe bomba liwe la mm 6 ili ujazo upungue, au niweke pampu ya kuongeza mgandamizo? Na je, kilainishi na nyutralaiza nivitoe kwenye manifoldi niviwekee mabomba yake?

FundiDozi:
Mm 6 inavutia kwenye karatasi: ml 28 kwa mita, mita 14 ni ml 396 tu. Lakini kusukuma ml 50 kwa sekunde kwenye mm 6 kwa mita 14 kunataka zaidi ya baa 1 kwa msuguano wa bomba peke yake, na wewe una 0.6 kwa jumla. Mtiririko utaanguka na faida yote itapotea. Kilainishi kizito kitakuwa kero zaidi.

Weka pampu ya kuongeza, iweke baa 2 hadi 3. Iwe inanyonya kutoka tangi dogo lenye boya ambalo maji yanaingia kwa kudondoka kutoka juu, si kuungwa moja kwa moja kwenye bomba la maji ya hoteli. Hutaki klorini irudi kwenye maji ya kunywa. Bomba la mm 10 liache. Ukipata ml 100 kwa sekunde, flashi ya namba 3 inakuwa sekunde 22, namba 2 sekunde 13, namba 1 sekunde 7. Weka muda tofauti kwa kila mashine; kifaa chenye ishara za mashine tatu kinaruhusu. Na foleni mbaya kabisa ya asubuhi inashuka hadi dakika 2 na sekunde 12, ambayo hata bila waya wa kusubiri haigusi klorini ya dakika ya 4. Waya wa kusubiri uunge hata hivyo.

Baada ya kufunga, rudia kipimo cha rangi. Usiweke muda kwa kutegemea namba zangu.

Kipimio:
Kuhusu mabomba ya peke yake: tofauti ni hii. Bomba la dawa moja tu, lisilopitiwa na flashi, hukaa limejaa wakati wote. Ukisukuma ml 75 upande huu, ml 75 zinatoka upande ule, hata bomba likiwa la mita 30. Halihitaji flashi. Linahitaji valvu ya njia moja mwishoni ili lisijimwage lenyewe, na lijazwe upya kila likipata hewa. Ila pampu moja haiwezi kulisha mashine tatu kwa njia hiyo bila valvu za kugawa, kwa hiyo kwa dawa mbili na mashine tatu ni pampu sita. Gharama hiyo mimi ningeitumia kwa nyutralaiza tu. Ikitoka kwenye manifoldi, asidi na klorini hazitakutana tena hata maji yakikatika, na hilo ndilo la thamani. Kilainishi kiache kwenye manifoldi, kikiwa dawa ya mwisho kabla ya flashi ndefu.

Bomba jipya la asidi liingie kwenye mashine kwa tundu lake, mbali na tundu la klorini, na ncha yake isizame majini. Fimbo za kunyonyea za klorini na asidi zifanye zisiweze kubadilishana: moja iwe ndefu isiyoingia kwenye dumu la mwenzake, au shingo za madumu ziwe za vipenyo tofauti. Rangi peke yake haisaidii saa kumi na moja alfajiri, taa moja imeungua.

Bi Foronya:
Marahaba. Utakapowasha klorini tena kwa namba 2 na 3, mzigo wa kwanza uwe wa matambara, na karatasi ya iodidi uipitishe kwenye suuza ya mwisho kabla hujaingiza shuka la mgeni. Yale mashuka yaliyoshika manjano usiyatupe bado: yarudie kwa namba 1 bila klorini kabisa, na bisulfaiti gramu 2 kwa kilo kwenye suuza ya katikati, nyutralaiza mwishoni. Yakibaki manjano baada ya hapo, nyuzi zimeshaungua.